Matanga ya Constant

Ixelles, Bruxelles, 4 Machi 2009

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu inanila.

Nimemwona Sudi. Ndiye yuleyule aliyempasua kaka Constant kichwa kwa chuma mbele ya duka letu. Anapika katika mgahawa mmoja hapa, anacheka na wateja. Damu ya kaka ilijaa kwenye viatu vyangu siku ile.

Bon, masomo yanaendelea. Naandika juu ya wale Wagiriki wa kale waliosema dunia yote ni atomu na utupu. Kwao furaha ni moyo uliotulia, na anayedhulumu ana hali mbaya kuliko aliyedhulumiwa. Lakini wanasema pia kwamba anayeua kiumbe chenye madhara, kama nyoka, hana hatia.

Mwanao,
Aristote

Lubumbashi, 21 Machi 2009

Aristote,

Natumaini u mzima. Mgongo si kitu.

Wagiriki wako wana akili! Nimewasomea wajomba zako maneno ya nyoka, wakapiga makofi. Hayo ya furaha niliyaruka. Unajua matanga ya kaka yako sijayaondoa, na mama yako tulimzika na nguo zake nyeusi. Dawa ya moto ni moto. Mponde nyoka huyo kichwa. Ukishindwa, usiniite baba.

Papa Séraphin

Bruxelles, 9 Juni 2009

Hujambo? Mimi sijambo, ila mkono wa kulia uko kwenye plasta.

Nilimkuta Sudi jikoni mchana, peke yake. Nikampiga kwa sufuria ya chuma hadi mkono wangu ukavunjika. Meno yakamwagika kwenye mchele, jicho likapasuka. Hakuinua mkono. Akasema, "Maliza tu, petit, mdogo wangu. Mie niko nachoka tangu zamani."

Hakukuwa na shahidi. Wale Wagiriki wanataka mtu ajionee haya hata akiwa peke yake. Nikajitazama: nimeshika chuma, kama yeye siku ile. Nikaita ambulansi, kisha polisi. Sudi yu hai, ana jicho moja. Mimi niko gerezani.

Sikummaliza. Nisamehe.

Mwanao, kama bado

Lubumbashi, 2 Julai 2009

Mwanangu,

Pole sana. Mkono umepona? Wanakupa chakula?

Wajomba zako walikuja na pombe kunipongeza kwa lile jicho. Nikawatimua kwa fimbo, mmoja nikamtoa damu. Kisha nikaiogopa hiyo fimbo, nikaketi chini nikalia.

Matanga nimeyaondoa jana. Nguo nyeusi nimezichoma uani, Sudi akiwa hai. Constant aliuawa na Sudi. Wewe umefungwa na mimi.

Niandikie. Niite baba.

Baba yako