Neno la Shee Kwenye Kipaza Sauti

Amu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Vipi hilo goti, bado linakusumbua ukiinuka kwenye mswala? Na mbuzi wa Mjomba wameacha kukulia mihogo? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umejaa, na ndiyo maana nakuandikia, kwa kuwa simuni hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, "Samehe, Riziki, samehe." Basi soma kwanza mpaka mwisho.

Najua Bi Nuru, mwenye nyumba wangu, amekupigia. Kakwambia nimemharibia harusi ya bintiye. Hakukwambia mwanawe Shee alinifanya nini.

Kazi yetu unaijua juujuu tu. Hapa nikaha inasomwa msikitini kwa wanaume, na wanawake wako nyumbani kwa bibi harusi. Siku hizi hawataki kuhadithiwa, wanataka kuona. Basi tajiri wetu, Bwana Athmani, hukodisha kamera na runinga kubwa, na sisi tunapitisha waya wa faiba juu ya mapaa, toka msikitini hadi nyumbani. Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo, na picha husafiri humo kwa mwanga. Shee hukaa na kamera kwa wanaume, mimi hukaa na runinga kwa wanawake. Shughuli ikishaanza, mimi siwezi kwenda kwake wala yeye hawezi kuja kwangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kule Shela, kijiji cha jirani. Picha ikafifia, ikakatika. Nikapima mwanga kwa mita, unafika dhaifu. Nikabadilisha kisanduku cha kupokelea, nikabadilisha waya wa runinga, hali ni ile ile. Nikampigia, "Shee, tazama kwako, shida iko huko." Unajua alifanya nini? Alichukua kipaza sauti, ambacho kina waya wake mbali na spika yake huku kwetu, akasema, "Tuwieni radhi, mitambo imemshinda fundi wetu wa upande wa wanawake." Wanaume wakacheka. Mama, niliwasikia wakicheka! Bibi mmoja akaniambia nirudi kwetu Vanga nikasuke makuti.

Watu walipotawanyika nilikwenda kukichomoa kichwa cha waya upande wa Shee, nikakikagua kwa ile kamera yetu ndogo ya kukuzia. Kimejaa mafuta! Nikakinusa: haludi tupu. Mlangoni mwa msikiti kila anayeingia hupakwa viganjani yale mafuta mazito ya manukato, na huyu bwana kapakwa, kashukuru, kaenda kuchomeka waya kwa vidole vile vile. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, mafuta kidogo tu yanauziba. Nikaufuta kwa spiriti, mwanga ukarudi palepale.

Nikamwonyesha. Akacheka bila hata kutazama. "Yamepita hayo, Riziki, nani atakumbuka?" Nikamwambia aseme ukweli kwenye kipaza sauti, palepale alipolisemea lile neno la kwanza. Akanijibu kwamba hawezi kujiaibisha mbele ya watu wa mji wake kwa ajili ya mwanamke wa kuja. Wa kuja, mimi! Na waliokuja kukodi mitambo baada ya hapo wakaanza kumwambia Bwana Athmani, "Lakini si yule wa Vanga." Kazi yangu ilikuwa inaniponyoka hivi hivi naiona.

Ikaja harusi ya dadake Shee, binti wa pekee wa Bi Nuru. Mchana nilipima, mwanga mzuri. Wageni walipoanza kuingia nikapima tena, umeshuka. Nikajua. Kapakwa haludi, kisha kaenda kuchezea waya. Mama, sikumwambia. Nilikaa kitako nikangoja, na nilikuwa nimetulia kabisa.

Khatibu alipoanza hotuba, picha ikafa. Shee akanipigia kutoka mlangoni, anahema.

"Riziki, nifanye nini?"

"Shika kipaza sauti kwanza. Sema kosa la Shela lilikuwa la nani."

"Una wazimu? Mamangu yuko hapo!"

"Najua, namwona." Nikakata simu.

Bi Nuru akanijia, leso yake inanukia udi. "Mwanangu, yeo ni yeo tu, kesho haiko. Nataka kumwona kijana akimkubali mwanangu. Usinifungie ndia." Nikamwambia, "Njia kaifunga Shee, muulize yeye." Akampigia mwanawe, akamfokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Khatibu alipotua, nikasikia sauti ya Shee, nyembamba. "Waungwana, harusi ya Shela kosa lilikuwa langu. Fundi Riziki hakukosea." Nikafungulia spika mpaka mwisho. Wanawake wote wakanigeukia. Wallahi, nilishiba!

Ndipo nikamwambia, "Nawa mikono, kausha, ufute kichwa cha waya kwa spiriti." Lakini khatibu hakumngoja. Bwana harusi akaitika, na wanawake wakapiga vigelegele mbele ya runinga nyeusi. Picha iliporudi, wanaume walikuwa wanakula halua. Bi Nuru akaitazama ile halua, kisha akanitazama mimi.

Kesho yake akanitaka nihame, nimehama. Nilipokuwa na homa, huyu mama ndiye aliyenilisha uji kwa mkono wake, na hilo linaniuma sana, sikufichi. Lakini Shee alikuwa na mwezi mzima wa kulisema neno lile, akaliweka mpaka likamnyima mamake kuiona nikaha ya bintiye. Huyo simsamehi, Mama, usinichoshe. Bwana Athmani amenirudishia kazi zangu, na nikipita madukani naitwa fundi.

Nisalimie Mjomba na mbuzi wake wasio na adabu, na Shangazi mshonaji, mwambie lile buibui limenikaa vizuri. Wifi mjamzito mwambie asibebe ndoo.

Bi Nuru akikupigia tena, mwambie namwamkia, na radhi yake naiomba. Shee sina salamu zake.

Mwanao,
Riziki