Nusu Saa ya Chumba cha Joto

Kaka Khiem mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wifi Diep na mtoto wanaendelea vizuri. Je, ameanza kunyonya sawasawa? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia. Simu zetu zimekusanywa. Mlinzi ataipiga picha barua hii akutumie, maana karatasi haitoki humu shambani, itachomwa.

Wiki iliyopita, banda la tano, nguruwe jike mmoja alikataa chakula. Kesho yake walikuwa sita, masikio mekundu, wamelaliana kwa homa. Mzee Luong, daktari wetu wa mifugo anayetania hata nguruwe, aliingia akatoka kimya. Nilipomuuliza alisema, “Thoa, nenda kaoge. Ukimaliza, oga tena.”

Majibu ya damu yalikuja juzi. Ni ile homa ya nguruwe isiyo na dawa. Geti limefungwa, na nguruwe elfu mbili na mia nne wanauawa kwa umeme, banda kwa banda. Tunasikia tukiwa bwenini. Kelele zikikoma ghafla ndipo naogopa zaidi.

Mzee Luong alituita akauliza ugonjwa umeingiaje. Mmoja akasema ni panya. Mpishi akamdaka, “Panya gani huyo, ana leseni ya udereva?” Hakuna aliyecheka. Mimi niliwaza gari lako.

Kaka, unaikumbuka siku ile uliyotoka machinjioni kuja kupakia nguruwe? Gari lako nililiosha na kulipulizia dawa mwenyewe, lakini chumba cha joto, ambamo kila gari hukaa nusu saa vijidudu vife, kilikuwa na foleni ya magari manne. Wifi alikuwa ameshikwa na uchungu. Uliniambia, “Mdogo wangu, nigongee tu muhuri bwana, mke wangu anajifungua!” Nikagonga. Nikaandika dakika thelathini ambazo hazikuwapo.

Jana nilimweleza Mzee Luong yote. Alikaa chini. Alisema huenda si gari lako, na pengine hatutajua kamwe, kisha akaniomba namba ya gari. Nimeitaja. Nimetaja pia mashamba yote uliyoniambia unapitia. Maafisa wa mifugo watakuja kwako leo.

Ninaogopa watakachokufanyia, na ninaogopa macho yako. Lakini nakusihi, usilisogeze hilo gari hata hatua moja, wala usilioshe kuficha. Nitukane ukitaka, ila liache hapo lilipo.

Nisalimie wifi. Mama mpe salamu zangu, ila yaliyomo humu nitamwambia mwenyewe, wakiniruhusu kutoka.

Ni mimi mdogo wako,
Thoa