Joho Moja la Watu Arobaini na Mmoja

Chumba Na. 14,
Bweni la Wasichana, Jengo la Pili.

Jumanne, 9 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umesimama juu ya lile goti lako bovu. Limekubali kutulia, au bado linakutangazia mvua kabla ya redio? Na zamu za hospitali, wamekupunguzia kama walivyoahidi? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Moyo ndio ambao si mzima.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Shangazi, wewe simu huisikilizi, unaitangaza. Ukishaweka spika, wodi nzima inajua nani kwetu kaolewa na nani kaachika. Habari hii haitaki hivyo. Ndiyo maana nimempa mwenzangu wa chumba, anayesafiri kuja huko kesho, akukabidhi mkononi.

Unajua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza mabango ya mtandaoni ya chama cha wanafunzi hapa chuoni. Lilianza bango moja tu, la siku ya kuchangia damu. Mwenyekiti wetu akanivika kilemba cha ukoka, akasema hajawahi kuona mtu mwenye jicho kama langu, nami meno yote nje. Tangu hapo jina langu likapotea, nikawa Fundi Picha. Mkutano, bango. Mechi, bango. Mtu kafiwa, bango. Mtu kapoteza kitambulisho, naye anataka bango, tena lenye picha yake akitabasamu.

Kazi yenyewe hainichoshi. Kinachonichosha ni neno "kidogo". Kila nikimtumia Mwenyekiti kazi, hujibu, "Fundi, safi sana, rekebisha kidogo tu." Kidogo hicho ni kusogeza nembo, kubadili bluu iwe bluu nyingine, na kukuza picha yake. Tangazo la usafi wa mabweni lilitoka na uso wake mkubwa kuliko ndoo na mafagio yote.

Mwezi wa tatu nilipiga moyo konde, nikamwandikia kwamba naacha, nina utafiti wa kumaliza. Alikubali vizuri tu. Akaniomba kazi moja ya mwisho, bango la kumtafuta mtu wa kushika nafasi yangu. Kwa ujinga wangu nikalitengeneza vizuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Alipoliona akasema mtu mwenye mkono huu hatumwachii aende. Bango lile hakulirusha popote, na mimi nikabaki.

Sasa sikia yaliyonipata. Utafiti wangu ulitakiwa kufika Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Wiki hiyo hiyo ilikuwa ya uchaguzi wa chama, nikatengeneza mabango kumi na tisa. Msimamizi wangu, mama mpole asiyependa kurudia maneno, alikuwa ameshaniongezea siku mara mbili. Nilifika ofisini kwake Jumatatu asubuhi, kurasa zikiwa bado na joto la mashine. Alizipokea, akaziweka mezani, akasema, "Mwanangu, mlango wa mwaka huu ulifungwa Ijumaa. Hizi nitazisoma, lakini ni za mwakani." Hakufoka. Afadhali angefoka.

Kwa hiyo sihitimu mwaka huu, Shangazi. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia.

Simlaumu Mwenyekiti peke yake. Kusema kweli, nilipenda kuhitajika. Utafiti ulikuwa hauna wa kuusifia, bango lilikuwa linasifiwa na watu mia tatu kabla ya chakula cha mchana. Nimejipalia makaa mwenyewe na nalijua hilo.

Lakini kuchelewa si kosa langu kubwa. Kubwa ni hili ninalokusimulia sasa, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Chama chetu kina desturi. Kila anayehitimu hutengenezewa bango la hongera wiki mbili kabla ya mahafali, akiwa ndani ya joho. Tatizo ni kwamba majoho yenyewe hugawiwa siku mbili tu kabla, kwa hiyo hakuna mwenye picha. Mimi nina dawa yake. Nilichukua picha ya katibu wetu wa zamani aliyehitimu, nikaondoa kichwa chake, nikabaki na mabega, mikono na karatasi aliyoishika. Vichwa vya wengine navipachika hapo. Mwaka huu wahitimu ni arobaini na mmoja. Wavulana nawapanua mabega kidogo. Wote wana saa ile ile mkononi, inayoonyesha saa nne na dakika ishirini, na hakuna aliyelalamika ila dada mmoja aliyesema yeye hapaki rangi ya kucha.

Nilikuwa nimeshafika la thelathini na kitu baba alipopiga simu ya picha. Mtoto wa jirani yetu naye anasoma hapa, na bango lake lilikuwa limeshatoka. Baba akauliza, "Mbona lako silioni? Au mpishi kajisahau kujipakulia?" Nikasema, baba, kuna jambo. Akasema, "Subiri kwanza, nimwite jirani aje akuone." Wakaja wakajipanga wawili kwenye kioo cha simu, wakicheka. Nikasema litatoka jioni.

Lilinichukua dakika kumi. Picha yangu ya kitambulisho, juu ya mabega ya katibu. Shangazi, lilinikaa. Hakuna shingo hata moja iliyolikubali joho lile kama yangu, na nililitazama kwa muda mrefu nikiona haya peke yangu. Sikulirusha kwenye ukurasa wa chama. Nilimtumia baba tu, nikijidanganya kwamba nimenunua siku mbili tatu za kupumua.

Hakunipa hata saa moja. Alilirusha kwenye kundi la familia, kisha akaenda kulichapisha kubwa kama mlango, akalitundika sebuleni. Mama analipangusa vumbi kila asubuhi. Wenzake wa karakana wameshaalikwa, naye ameomba ruhusa ya siku nne, mtu ambaye hajawahi kuomba hata ya kuumwa. Wanafika Jumamosi ya wiki ijayo.

Sina pa kwenda. Nikitoka, ukumbini wenzangu wanabishana nani atakodi viatu wapi. Nikikaa ndani, mama anapiga kuuliza rangi ya joho ili kitambaa chake kisigombane nalo. Nimemjibu, jeusi lenye ukingo mwekundu. Jana Mwenyekiti kaniagiza bango la "Karibuni Wazazi". Nimelitengeneza, nikalirekebisha kidogo, likatoka. Baba alikuwa wa kwanza kulisambaza.

Shangazi, wewe ndiye dada yake mkubwa, mtu pekee anayeweza kumwambia "keti" akaketi. Nakuomba umpigie kabla hawajakata tiketi. Mwambie kurasa zangu zote zipo, msimamizi amezisoma na amesema ni nzuri, na mwakani nitavaa joho la kweli. Mwambie pia lile la ukutani si langu, ni la katibu.

Akiuliza kwa nini sikumwambia mwenyewe, mwambie nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alimwita jirani. Mara ya pili alimwita mama. Mara ya tatu, juzi, alikuwa peke yake. Nikasema, baba, naomba unisikilize. Akageuza simu anionyeshe ukutani nilivyopendeza, akasema babu angekuwa hai angeliona hili, na nikamsikia akilia. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nisalimie mzee wako, mapacha, na yule mama wa ghorofa ya chini anayekutunzia funguo. Mungu akulinde katika zamu zako, na akupe maneno mepesi ya kumwambia mdogo wako.

Ni mimi mtoto wenu nikupendaye sana,

Kipusa