Ng'ombe Watatu wa Karatasi

Jumapili, saa kumi jioni. Voi leo ina joto la kukaanga mtu, na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Mkono wangu wa kulia umevimba.

Jana nilimvunja mzee taya.

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitaanza kujitetea, na kwa kujitetea mimi ni hodari. Ni mwalimu wa historia, naongoza kwaya ya akina mama. Na nilishika mpini wa jembe kwa mikono miwili nikampiga nao mtu wa miaka themanini mbele ya jeneza la bibi yangu.

Nianze na karatasi zilizoleta ugomvi wenyewe. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, askari wa Mjerumani walipoishika Taveta, walichukua ng'ombe watatu wa baba yake Bibi kule Njukini. Wakamlipa noti. Meli za kwao hazikuwa zikifika, basi pesa zilichapwa huku huku, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Jirani aliyekataa kuzipokea alichapwa kiboko mpaka akajinyea. Baba yake Bibi akapokea. Na kwa kuwa ng'ombe hao walikuwa wa mahari ya mama yake Bibi, aliwapelekea wakwe noti hizo. Nao waliogopa kiboko, wakazichukua.

Mwingereza alipoingia, hazikununua hata chumvi.

Ng'ombe hawakulipwa tena. Tangu hapo ukoo huo, wajomba zake Bibi na watoto wao, hutuita watoto wa karatasi, na kila harusi au matanga huja na matusi, mara nyingine mawe. Danieli, ndugu yangu, ana kovu la panga begani. Mahari isipolipwa, watoto ni wa kwao mama. Hiyo ndiyo hoja yao, na ndiyo hofu tuliyolelewa nayo: kwamba Bibi akifa watakuja kumchukua wakamzike kwao.

Jana walikuja, wanaume sita, Mzee Elifasi, mkubwa wa ukoo wao, mbele. Kaburi lilikuwa wazi, mchungaji ameshaanza kusoma. Mzee akatia mkono kwenye koti, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani nikaona noti zile, za kahawia, pembe zimeliwa na mende.

"Wanarudisha mahari!" Danieli alipiga kelele. "Wanamtaka Bibi!"

Kurudisha mahari ni kuvunja ndoa. Kila mtu pale anajua hivyo. Sikuuliza kitu. Nilisema, "Wewe mzee, toka hapa," nikampiga kabla hajajibu. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilisikia pia raha, raha ya kweli, kwa muda wa pumzi moja.

Kisha mawe, makoleo, viti vya plastiki. Danieli alimng'ata mtu sikio. Jeneza lilianguka kwa ubavu. Tulimzika Bibi mbio mbio, wengine wakimwaga udongo, wengine wakipigana ukingoni, na damu ya mtu ikidondoka kwenye mbao.

Leo asubuhi nilipita hospitalini kabla ya kurudi Voi. Mzee amefungwa bandeji kichwa kizima. Binti yake, Rehema, alikuwa kando ya kitanda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Dada, si ungemwacha aongee?" alisema. "Baba alitaka kuzitupa kaburini. Alisema hayo mambo yaishe, dada yake azikwe kwenu kwa amani. Hao wengine walimsindikiza kwa sababu anawaogopa nyinyi."

Nikamuuliza mbona polisi hawajanitafuta.

"Amekataa." Akanionyesha nyuma ya kadi ya hospitali, mahali mzee alipoandika kwa herufi za kutetemeka: Msimshtaki. Huyo ni mtoto wetu.

Nilitoka nje nikapanda gari la kurudi Voi.

Miaka yote nawaambia wanafunzi kwamba noti ya vita hufa serikali iliyoichapa ikishindwa. Nawaambia kwa sauti ya mtu anayejua.

Kesho nitaomba ruhusa shuleni nirudi kule na uji mwepesi, maana kutafuna hataweza kwa muda mrefu. Uji si kazi. Kazi ni kumsalimia. Yeye ni binamu wa Bibi, kwa hiyo kwangu ni babu, na katika umri wangu wote sijawahi kumwita hivyo hata mara moja. Nitaanza vipi, na ataniitikia kwa mdomo gani, ilhali nimeufunga mimi?