Kila Kitako na Bunduki Yake

Misikhu, Bungoma
3 Februari 2008

Kwako mwanangu Kizito,

Salamu hizi zikukute umekaa, usizisome umesimama. Sisi huku tuko, tunapumua. Kukhu, nyanya yako, anakusalimia, mguu wa kushoto bado unamsumbua lakini mdomo uko mzima kabisa, jana amemfukuza muuza samaki mpaka barabarani. Jentrix anakusalimia, shule yao imefunguliwa sasa baada ya hizi vurugu za uchaguzi. Ndugu yako Derrick anakusalimia kutoka Webuye, alikuja Jumamosi na sukari. Phelista jirani anakusalimia, na simu yake pia, maana nikiongea na wewe kwa hiyo simu yeye anakaa hapo hapo kusikiliza, ndiyo sababu naandika. Hata ng'ombe wetu Sofia anakusalimia, ana ndama tumboni. Na mkwe wangu Jelimo hajambo? Tumbo lake limefika wapi? Mwambie asiinue ndoo.

Sasa mwanangu. Khaemba aliposimamisha lori yake hapa akanipa barua yako, nikaisoma mara tatu kwa sababu mimi ni wa darasa la nne na nilifikiri nimesoma vibaya. Ati unataka kuchonga kitako cha bunduki. Ati unaniuliza marehemu baba yako alikuwa anachonga cha namna gani, kilichonyooka au kilichopinda shingo.

Kizito, hii si miaka ya baba yako. Yeye alimchongea mzungu wa Endebess wakati watu walikuwa wanawinda swala na kibali mfukoni, na uwindaji ulipokatazwa akaweka patasi zile chini, akatengeneza vitanda mpaka kufa kwake. Leo huko Mlima Elgon watu wa msituni na askari wanatafutana kwa bunduki. Na bibi yako ni wa Cheptais, huko huko mlimani. Mtu akiona mume wa msichana wa Cheptais na mbao ya bunduki mkononi, atauliza maswali mangapi kabla hajamaliza?

Kataa hiyo kazi. Tengeneza milango. Nijibu upesi na uniambie umekataa, nilale.

Ni mimi mama yako,
Roselyne

*

Kibomet, Kitale
15 Februari 2008

Mama mpendwa,

Habari ya nyumbani? Sisi wazima. Jelimo ana miezi sita na anakula udongo kama mchwa, nimemwambia nitamshtaki kwako. Mwambie Kukhu namletea dawa ya kuchua Pasaka.

Mama, usiogope, nisikie kwanza. Kibanda changu kilipochomwa Januari kiliungua na kila kitu, hata randa ya Baba. Nimebaki na patasi nne na tupa moja, zile zilikuwa nyumbani. Nilikuwa nazunguka kama kuku asiye na kichwa. Ndipo Mzee Hiram akaniita, yule mwenye shamba njia ya kwenda Endebess. Anasema nikimfanyia kazi hii vizuri nitapata stoo yake ya zamani niifanye kibanda, iko na mabati na mlango, ndani ya boma lake ambapo hakuna mtu wa kuchoma. Mama, mtoto anakuja. Nitamlea na patasi nne?

Bunduki yenyewe ni mzee kuliko mimi. Aliinunua pamoja na nyumba, kutoka kwa mzungu aliyekuwa anaenda kwao. Ni ile ya swala, ina chuma cha mkono huko chini, unakivuta kama mkono wa pampu ya kisima, risasi inapanda. Haijalia tangu uwindaji ukatazwe. Inaning'inia ukutani tu. Mchwa wamekula kitako na mzee anasema hataki kufa ikiwa imekatika mgongo. Karatasi za kibali anazo, amesema.

Shida ni hii. Yeye anataka kilichopinda shingo, kama cha bastola, ameona kwa picha. Mimi nikikishika mkononi naona kama kitakataa, lakini sijui kwa nini. Sikuwahi kumwona Baba akichonga hata kimoja. Wewe ulikuwa unamsaidia kulainisha. Baba angechagua gani?

Nisaidie tu hapo, mama. Mbao ninayo, ya elgon, ule mti mgumu wa mlimani, kavu, nilivunja kitanda cha zamani.

Mwanao,
Kizito

*

Misikhu, Bungoma
24 Februari 2008

Kwako Kizito wangu,

Salamu kutoka kwa wote, sitawataja mmoja mmoja leo, Kukhu amekasirika ati namruka. Basi: Kukhu anakusalimia.

Nimekaa na barua yako siku tano. Nilitaka kukuandikia neno moja tu, hapana. Lakini umeniuliza habari za baba yako, na hakuna mtu ananiuliza habari zake siku hizi.

Tulikuwa tunakaa nje ya stoo ya yule mzungu, yeye na patasi, mimi na majani ya msasa kwa mapaja, nalainisha mpaka vidole vinatoka damu. Siku moja nilimwuliza mbona hiki umekinyoosha na kile cha jana umekipinda. Akaniambia, "Roselyne, si mimi nachagua. Chuma kinachagua." Akanionyesha. Ule mkono wa chini, kama mkia wake umenyooka mpaka mwisho, kitako kinyooke nao, vilale pamoja kama mtu na bibi yake. Kama mkia umepinda kuteremka, kitako kipinde. Ukipinda mbao na chuma kimenyooka, chuma hakina mahali pa kulala, na siku ya kuvuta haraka kinapiga mtu vidole. Kilichopinda kinapendeza, akasema, mkono unatulia. Lakini kupendeza kuje nyuma ya kuelewana.

Na neno lingine alisema. Kila kitako kina bunduki yake moja. Ukikichonga sawasawa, ukikipeleka kwa ndugu yake aliyetoka kiwanda kimoja siku moja, kinakataa. Kama meno ya mtu.

Kwa hivyo angalia huo mkia. Kama umenyooka mwambie mzee wako na heshima kwamba picha yake ni ya bunduki nyingine.

Ule ubao wa kipimo wa baba yako, aliokuwa anachorea umbo, nafikiri uko darini na mafuta yake ya zamani. Nitampandisha Jentrix autafute, Khaemba akipita nitautuma, usije ukaharibu mbao.

Bado naogopa. Lakini nimefikiria mtoto kuzaliwa na hakuna kibanda. Fanya upesi, umalize, urudishe kwa mwenyewe, na ufagie vumbi lote. Niandikie ukimaliza.

Mama yako

*

Kibomet, Kitale
6 Machi 2008

Mama,

Habari yenu nyote, na Kukhu wa kwanza.

Naweka hii kwa posta, kwa sanduku la kanisa, kwa sababu Khaemba hatashuka huko mpaka wiki ijayo na nataka ikufikie mbele yake.

Mkia umenyooka! Nilisoma barua yako nikaenda palepale kuangalia, umenyooka kama rula. Mzee alinuna. Akasema fundi gani huyu anayefundishwa na mama yake. Nikamwambia basi mzee, lete vidole vyako. Nilichonga kwanza cha mti laini, kilichopinda, kama anavyotaka, nikamfungia, akavuta mara moja tu. Mama, alikinyonya kidole kama mtoto, kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tukanywa chai kwake sebuleni. Akaniita mwanangu.

Sasa cha elgon nimekichonga, kilichonyooka. Jana nimekiingiza kwa chuma bila kupiga nyundo, kimeingia chenyewe. Hakichezi. Hata karatasi haipiti kati. Nilisimama hapo nikafikiria Baba. Nimekirudisha nyumbani kulainisha na kupaka mafuta, kama siku kumi hivi, halafu nampelekea, na tunahamia stoo.

Kwa hivyo usitume ule ubao. Maneno yako yametosha. Tena huku kuna msako, barabara imejaa vizuizi, wanafungua mpaka magunia ya mahindi. Watu wa mlimani wanashukiwa kwa kupumua tu. Uache ubao darini ulale. Usitume kitu chochote chenye umbo hilo, mama, tafadhali.

Jelimo anasema mtoto anacheza mpira humo ndani.

Mwanao anayekupenda,
Kizito

*

Misikhu, Bungoma
14 Machi 2008

Kizito,

Barua yako imefika jana. Katekista ameileta kutoka sanduku. Ubao ulienda Jumatatu.

Nimekaa chini baada ya kusoma. Jentrix akaniuliza mama ni nini, nikasema ni moshi.

Niliufunga kwa gunia, nikaweka juu yake ndizi mbivu na kunde za Jelimo. Na kwa sababu lori ya Khaemba inabeba mizigo ya watu wengi, na mwaka jana sweta ya Derrick ilipotea, nikachukua kalamu nene ya Jentrix nikaandika. Si kwa gunia peke yake. Kwa ubao wenyewe pia. Nilijivunia mwandiko wangu. Niliandika KIZITO WEKOYE, FUNDI, KIBOMET, KITALE. Nikaandika na namba ya simu yako. Halafu kando, ili ujue ni wa nini, nikachora ile bunduki.

Khaemba hajarudi. Kawaida anarudi siku ya pili. Phelista amenipa simu yake bila kuombwa na ametoka nje, ndipo nimejua hata yeye anaona kuna kitu. Nimekupigia mara nyingi. Inasema mwenye simu hapatikani.

Labda ndizi zimeoza na wameutupa wote. Naomba wawe wameutupa.

Ukipata hii, usikae hapo. Chukua Jelimo mje huku, hata bila nguo. Mpe anayeleta hii neno la mdomo tu, neno moja, "niko". Mimi sitatoka barabarani.

Mama

*

Misikhu, Bungoma
9 Juni 2008

Kwako mwanangu Kizito, popote ulipo,

Salamu. Kukhu anakusalimia, siku hizi haongei sana. Jentrix anakusalimia. Derrick anakusalimia, amemaliza viatu akikutafuta, Kitale, Bungoma, mpaka Kakamega, kila kituo cha polisi wanampa kitabu cha majina na jina lako halimo. Phelista anakusalimia. Sofia amezaa, dume. Jelimo anakusalimia, yuko hapa nyuma yangu, na mtoto wako anakusalimia, ni wa kiume, ana wiki mbili na masikio yako. Hajapewa jina. Mama yake anasema baba yake atamwita.

Jelimo alifika siku ya nne baada ya barua yangu ya mwisho, alitembea kutoka Kiminini na hilo tumbo. Alituambia yote. Askari walikuja asubuhi ukiwa unapiga mswaki. Walikuwa na ubao mkononi, na mmoja alikuwa anasoma juu yake. Alisoma jina lako polepole, ukaitika. Walikuuliza unawachongea watu wa msituni wangapi. Ukasema ni mmoja tu, mzee Hiram, twende kwake niwaonyeshe. Mkaenda.

Khaemba alinirudia akaeleza lake. Anasema gunia lilifunguliwa, wakamwuliza ni la nani, na yeye hakuhitaji kusema kitu kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Hawezi kuniangalia machoni. Nimemwambia si wewe, Khaemba. Kalamu ilikuwa yangu.

Mzee Hiram aliwaambia hamjui fundi. Ati hana bunduki nzima, ana chuma kizee cha ukumbusho tu, na hajawahi kuagiza kitako. Derrick alimwendea na kupiga magoti. Mzee alilia, lakini hakusema lingine. Nafikiri karatasi hana. Chai uliyokunywa kwake hakuikumbuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo Jelimo ameniomba nisikuandikie.

Alipokuja alikuwa amekibeba kile kitako mgongoni, amekifunga kwa leso kama mtoto, ulikuwa umekificha chini ya kitanda na hawakukiona. Nilikifungua hapa jikoni. Nilikishika. Kizito, kilikuwa kizuri. Kilinyooka kama cha baba yako, hata kile kishimo kidogo cha kidole gumba ambacho sikukuandikia ulikuwa umekiweka mwenyewe. Mahali pamoja tu palikuwa hapajalainishwa, huko nyuma kwa bega.

Jioni hiyo watu walisema askari wanakagua nyumba kutoka barabarani kuja juu. Nilikiweka motoni. Mbao ya elgon haiwaki upesi, nilikigeuza na kugeuza. Tulipikia maharagwe. Hawakufika kwetu, waliishia kwa Phelista.

Na Mei padre wetu akatuletea wakili, kijana mpole. Alisikiliza yote halafu akasema, "Mama, hiyo mbao iko wapi?" Akasema ikiletwa mbele ya watu, ikaingizwa kwa ile bunduki ya mzee, ikaingia bila nyundo, basi kila mtu ataona ulichongea bunduki ile moja na si nyingine duniani. Uongo wa mzee utakwisha papo hapo. Nilimwambia hayo hayo maneno ni ya mume wangu. Jelimo ndiye alionyesha jiko kwa kidole.

Padre anasema kuna mahali wanawekwa watu ambao hawaandikwi, na anajua mtu anayeingia huko kupeleka sabuni. Atampa hii. Juu ya bahasha sijaandika jina lako. Nimeshika kalamu, mkono umekataa. Nimemwambia padre amwambie yule mtu, ni ya fundi mrefu mwenye kovu la patasi kwa gumba la kushoto. Padre amesema sawa.

Mwanangu, kipande kingine cha elgon kipo, mguu wa kile kitanda, Jelimo alikuja nao pia. Derrick amepata fundi Webuye wa kukichonga upya. Anasema bila vipimo hawezi, na kwa mzee Hiram hatufunguliwi. Wewe unavikumbuka. Urefu kutoka chuma mpaka bega, na upana pale kwa shingo, na kile kishimo cha kidole. Niandikie hata kwa karatasi ya sabuni. Msasa ninao, majani yamejaa kule mtoni, na vidole vyangu bado vinaweza.

Tuma upesi. Nimewaambia wote hapa nyumbani kwamba utatuma upesi.

Ni mimi, mama yako