Mfuko wa Udongo Nyuma ya Mlango

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe, maana kimya kinachofuata shikamoo yako bado sijakizoea. Naandika kwa mwandiko ule ule uliosema ni wa kuku aliyekanyaga wino, kwa hiyo ukishindwa kuusoma usinilaumu mimi, mlaumu kuku.

Hapa Ngamiani hatujambo. Nyumba yako imesimama, ila upande wa jikoni makuti yalianza kuvuja nikayabadilisha kabla ya masika. Kule shambani Makorora michungwa imezaa mpaka matawi yanainama, na tumbili walipata habari hiyo kabla yangu. Barazani wanaume siku hizi hawana mazungumzo ila uhuru, wakianza kubishana kahawa inapoa vikombeni.

Mbwa wako Watasema ni mzima. Najua ndiyo habari uliyokuwa ukiingoja, na mimi nimekuchelewesha makusudi. Amenenepa kidogo na ana mvi mdomoni, lakini sauti ni ile ile, tumbili wakiisikia wanateremka mtini wawili wawili. Wiki zile za kwanza baada ya maziko alikuwa hakubali kubaki shambani peke yake. Nikimwacha ananifuata, nikimfunga analia mpaka majirani wa Makorora wakaja kuniuliza kama tuna msiba mwingine. Basi namrudisha nyumbani kila siku, analala kwenye banda la uani kama zamani, na alfajiri tunatoka tena. Mwanamke aliyejitanda kanga na kamba ya mbwa mkononi, katikati ya mji. Hilo jina ulilompa mbwa wako, Mjomba, ulijua unalofanya.

Nakumbuka ulivyoniambia ukiwa kitandani. "Watasema usimwache, na watu usiwaudhi. Mambo hayo mawili yaende pamoja, mwanangu." Nikaitikia ndiyo haraka haraka, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani. Sikujua ni mzigo.

Nilikuwa nakucheka, na leo nakuomba radhi kwa kicheko hicho. Mtu mzima, kamba ya katani mkononi, gunia begani, kifuu cha nazi cha kuzolea uchafu wa mbwa, na ubavuni ule mfuko wako wa marikani wenye udongo pamoja na chupa ya maji. Ungedhani unasafiri kwenda Pangani kwa miguu, kumbe unakwenda Makorora na mbwa. Ukitoka shambani asubuhi hukuingia mjini mpaka umempangusa umande. Miguu kwanza, kisha tumbo, na mkia ulimwachia mwenyewe. Mji wetu unaujua: mbwa mkavu na mtu mkavu, kila mmoja huenda zake. Lakini ute wake au umajimaji wake ukigusa nguo ya mtu, nguo hiyo haisaliwi mpaka ioshwe mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa udongo. Ndiyo maana ya mfuko. Ulisema si haki mtu ahangaike kutafuta udongo kwa ajili ya mbwa asiye wake. Ukauchekecha mwenyewe kwa chekeche la unga, ukatoa vijiwe na mizizi, ukauanika juani, ukaujaza.

Na pale pembeni, kwenye baraza ya Maalim Bakari anayewasomesha watoto Kurani, ulikuwa husongi mbele mpaka umesimama. Unavuta kamba, Watasema anakaa, unatoa salamu, unangoja ijibiwe. "Salamu itangulie, mbwa afuate." Nilidhani ni madoido ya uzee.

Sasa nikueleze kosa langu, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kuguna.

Ilikuwa siku ya maulidi ya mtaa. Wewe siku kama hiyo ulikuwa ukimfungia uani tangu adhuhuri, na mfupa wake na maji yake, ukisema penye watu wengi mbwa hana mwaliko. Nami nilikusudia hivyo hivyo. Lakini mchana nikaletewa habari kwamba tumbili wamejaa kwenye michungwa, nikaona saa moja itatosha, nikaenda naye. Haikutosha. Tulipokuwa tunakaribia nyumbani nikasikia matwari. Zefe ya maulidi ilikuwa imekwisha toka, inakuja njia yetu, na bendera mbele.

Ningeweza kupita uchochoroni, nyuma ya vyoo, nikafika uani bila kuonana na mtu. Njia hiyo ulinionyesha mwenyewe. Sikuipita. Mjomba, nilitaka waone. Tangu ulipofariki walikuwa wakinong'ona kwamba mbwa wa marehemu hana mwenyewe, kwamba mwanamke hawezi kumzuia, kwamba iko siku atauma mtoto wa mtu. Nikasema moyoni, leo watamwona alivyolelewa. Nikampangusa kwa gunia mpaka akakauka kabisa, nikaizungusha kamba mara tatu kiganjani, nikasimama naye ukutani.

Na kweli alikaa. Bendera zikapita, matwari yakapita, watoto wakapita wakimwonyesha kidole, naye kimya, masikio tu yanacheza. Mama mmoja akaniambia, "Mtulivu, mashaallah." Kichwa kikanivimba hapo hapo.

Kila kitu nilikuwa nimekifikiria isipokuwa marashi. Unyevu niliupangusa. Mawingu niliyatazama. Hata dimbwi la pale bombani nililizunguka. Lakini nani aliyewahi kusimama na mbwa kwenye maulidi, hata akumbuke marashi? Mwenye mrashi akaja akiwanyunyizia watu wa kulia na wa kushoto, kwa furaha, bila kuchagua, na mimi nikafumba macho nipate baraka yangu. Nilipofumbua, Watasema naye alikuwa amepata yake.

Yalimwingia puani. Akapiga chafya, akapiga nyingine, akajikung'uta kutoka kichwani mpaka mkiani, kisha akatafuta pa kupangusia pua yake. Akaipangusia kwenye kanzu iliyokuwa karibu. Ilikuwa kanzu ya Maalim Bakari, ile ya darizi shingoni, ambayo haitoki sandukuni ila kwa maulidi. Na jioni ile yeye ndiye aliyekuwa msomaji.

Maalim aliitazama kanzu. Akanitazama mimi. Akatazama ubavuni pangu, pale ambapo kwako ulikuwa ukining'inia mfuko.

"Mwanahawa, mfuko wa mjomba wako uko wapi?"

"Uko nyumbani, Maalim."

Aligeuka akarudi kwake, na maulidi yakasomwa na mtu mwingine. Nilimfungia Watasema bandani, nikakaa kizingitini bila hata kuvua kanga ya kutokea. Kabla ya magharibi, Bi Riziki wa nyumba ya pili alikuwa amekwisha niletea maneno ya mtaa: mbwa asizidi Ijumaa. Wengine walitaka arudishwe Muheza kwa yule rafiki yako aliyekuletea akiwa mdogo, ndani ya kikapu cha machungwa, kwenye basi. Wengine walitaja njia fupi zaidi, sitaiandika hapa. Nikafikiri, nimekuahidi mambo mawili, na yote mawili nimeyavunja kwa chafya mbili.

Watu niliwaambia niliona haya kubeba udongo siku ya udi na marashi. Wakaamini, maana ni jambo la kuaminika. Wewe nakwambia kweli. Mfuko ule sikuwa nimeubeba hata siku moja tangu tulipokuzika, na huo ulikuwa mwezi wa saba. Kifuu nabeba, gunia nabeba, kamba naishika fupi kama ulivyonifunza. Mfuko nilikuwa nimeuacha kwenye msumari wako nyuma ya mlango. Udongo ule uliuchekecha wewe wiki ile kabla hujalala. Mkono wa mwisho kuingia mle ni wako. Niliogopa siku moja mbwa atamgusa mtu, nitaumwaga, utakwisha, na wewe utakuwa umekwisha pamoja nao. Nikaona afadhali nitembee na bahati yangu. Basi bahati yangu ikapiga chafya.

Kesho yake nilikwenda kwa mke wa Maalim nikaiomba kanzu niifue mimi. Alinipa bila maneno mengi. Nikaweka karai uani, nikateka maji, na Bi Riziki akaja kusimama mlangoni ahesabu, kwa kuwa Bi Riziki hamwamini mtu na hesabu ya saba. Akaniambia, "Anza kwa udongo ndiyo bora." Uani pale udongo tele, Mjomba, ningechota popote nilipokanyaga. Nilisimama na kanzu mkononi muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimesahau kufua.

Nikaingia ndani, nikautungua mfuko.

Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilipoufungua ikatoka harufu ya shamba, na juu ya udongo palikuwa na ganda kavu la chungwa. Sijui uliliweka la nini. Labda ulitaka mtu atakayefuliwa asisikie harufu ya udongo mtupu, au labda ulikula chungwa ukakosa pa kutupa ganda. Yote mawili ni wewe. Nikaumimina wote, sikubakisha hata wa kushika kwa vidole, nikauchanganya na maji, nikasugua upindo wa ile kanzu huku nalia waziwazi. Bi Riziki akadhani tope limeniingia machoni, akaja akanipangusa kwa kanga yake. Kisha akasema, "Moja," akarudi mlangoni.

Tukafika saba. Nikaianika, nikaipiga pasi, nikaifukiza udi, nikaipeleka kwa mikono miwili.

Maalim aliipokea barazani. Akauliza nimeosha mara ngapi. Nikamwambia saba, ya kwanza kwa udongo wa Mjomba, aliouacha mfukoni. Akainamia kanzu, akaipapasa upindo. Nilidhani anatafuta doa. Mara mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka.

"Hii ni kanzu ya tatu," akasema. "Zile mbili alinifulia mwenyewe."

Mjomba, kwa nini hukuniambia? Amenisimulia yote. Kwamba Watasema alipokuwa mdogo ulimbeba mpaka kwenye uwanja wa Idi pili, palipo na bembea na ngoma, ili watu waone mbwa gani umepata. Kwamba akamrukia Maalim. Kwamba ukafua, ukaomba radhi, na haukupita mwezi ukampeleka tena mahali penye watu, arusini, kuwaonyesha kwamba sasa ametulia. Akairamba kanzu ya pili. "Ule mfuko hakuzaliwa nao," Maalim akaniambia. "Aliushona baada ya kanzu ya pili."

Miaka yote hiyo nilikuwa nakutazama ukitembea na mfuko wako nikidhani wewe ndivyo ulivyoumbwa, mwangalifu tangu tumboni. Kumbe na wewe kichwa kilikuvimba, na uwanjani kabisa, siku ya Idi. Nilicheka pale barazani mpaka mke wa Maalim akachungulia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa ajili yako tangu ulipokufa. Nilidhani kicheko hicho tumekuzika nacho.

Ijumaa baada ya sala watu walisimama kwenye baraza ya Maalim kutaka neno lake. Mimi nilikuwa ndani kwa wanawake, nikasikia. Alisema, "Mwenye mbwa akifua, mbwa akae. Asipofua, waondoke wote wawili." Watu wakatawanyika. Bi Riziki akanipiga kiwiko, akasema yeye ni shahidi wa zote saba.

Jumamosi nilichukua chekeche lako. Nilichota udongo chini ya ule mchungwa wa pembeni, nikatoa vijiwe na mizizi, nikauanika. Wangu si laini kama wako, bado una punje punje, lakini unaosha. Ganda la chungwa nimeweka jipya. Mfuko naubeba kila siku sasa, unanigonga nyongani, na watoto wananicheka kama nilivyokucheka. Juzi palikuwa na mkutano wa hadhara, watu hawana pa kukanyaga. Nilimfungia uani tangu asubuhi, na mfupa, nikaenda peke yangu.

Tukifika kwenye pembe ya Maalim, Watasema anakaa kabla sijavuta kamba. Hanitazami. Anatazama nyuma yangu, mahali ulipokuwa ukisimama wewe, na anangoja. Basi nasema, "Shikamoo, Maalim," na kutoka barazani inarudi, "Marahaba, piteni." Hapo ndipo anapokubali kunyanyuka.

Mjomba, lala salama, Mola akunawirishie kaburi. Nimeishiwa karatasi, si maneno. Ile ahadi niliyokuitikia haraka haraka naiitikia upya leo, polepole. Watasema sitamwacha. Watu sitawaudhi. Na nikiwaudhi, nitafua.

Mpwa wako,
Mwanahawa