Jiko la Moshi la Muigai

Ruiru,
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Ruiru. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekuachia nafasi ya kuandaa shamba kabla mvua haijashika. Watoto hawajambo. Becky sasa anaandika herufi za kuunganisha vile ulivyomfundisha Desemba. Ndizi na simsim ulizotuma zilifika, tukala wiki nzima tukikutaja.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Kwenye simu mwanao Jared huwa karibu, na wewe ukimsikia akicheka unaridhika. Kesho dada Dorine wa kanisa letu anasafiri kwenda Kimilili, na nitamwomba akupe barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako, pole pole, mpaka mwisho.

Mama, kazi ilikauka tangu Novemba. Lango ambalo Jared alitengenezea mtu wa Kalimoni liliachia kwenye maungio siku ya tatu. Mwenyewe alilirudisha kwa mkokoteni, akalitupa mbele ya kibanda chetu cha kuchomelea vyuma watu wakiona. Baada ya hapo wateja walitusalimu tu na kupita, wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kisha mwezi uliopita akaja mtu anayeitwa Muigai, ambaye alikuwa anajiandaa kufungua mahali pa nyama Juja, karibu na hosteli za wanafunzi. Alitaka jiko la moshi. Si kama jiko letu la kuchomea. Hili lina sanduku la moto pembeni, kuni zinawaka humo, na moshi wenye joto unapita ndani ya tangi kubwa ambamo nyama imelala, halafu unatokea kwa bomba upande wa pili. Nyama inaiva kutwa nzima bila kuguswa na moto. Alituonyesha picha kwenye simu yake. Jared aliishika ile simu, akaisogeza karibu sana na uso, akasema ni kazi rahisi.

Muigai alileta tangi la zamani la kujazia upepo, alilopata kwa wauza vyuma vikuukuu huko Thika. Jared alilipapasa kwa viganja kutoka mwisho hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nikamsikia akipiga mluzi. Nilimchorea mstari wa mlango kwa chaki. Alipowasha grinda, nikaona jiwe lake la kukatia linaacha ule mstari na kushuka, likaendelea kushuka, na mimi nikanyamaza, kwa sababu palikuwa na wanaume wawili wamesimama wakitazama. Mlango ulitoka umepinda. Alizima grinda, akapitisha kidole kwenye ule mkato, akaelewa, akakaa juu ya tangi mpaka wale wanaume wakaondoka.

Tuliendelea hivyo hivyo. Tuliziba, tukakata tena. Sanduku la moto alilichomelea mwenyewe, akakataa nisimame karibu. Siku ya kulijaribu, Muigai alikuja na mbavu za mbuzi na rafiki zake. Jared alikoka moto. Moshi ulitoka kwa mlango, ukatoka kwenye maungio ya sanduku, ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Baada ya saa tatu nyama ilikuwa nyeusi juu na mbichi ndani. Rafiki zake walicheka. Muigai hakucheka.

"Fundi," alisema, "hii kitu umenifanyia ni nini? Nafungua Jumamosi."

Alisema atarudi Ijumaa saa tisa, na akikuta moshi unavuja atabeba tangi lake ampelekee mtu mwingine. Jared alimjibu kwamba litakuwa tayari. Alikuwa anaongea na nguzo ya kibanda, Mama. Muigai alikuwa ameshasogea upande mwingine.

Nimezunguka kurasa hizi zote nikikwepa neno moja. Jared haoni. Jicho la kushoto lilizima mwaka jana. La kulia linaona kidogo tu katikati, kama mtu anayechungulia kwenye paipu, na hicho kidogo kinapungua. Hospitali ya Thika walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakitarudi. Ulipomwona Desemba akimwaga chai, ukamtania kwamba amezeeka, tulikuwa tunajua. Alinifanya niape kwamba sitakwambia.

Na si hilo tu. Miaka miwili iliyopita alianza kulalamika kwamba macho yanawasha na taa ya barabarani ina duara la rangi. Nilidhani ni miale ya kuchomelea, kama mafundi wote. Nikaenda duka la dawa, nikanunua matone ya kuondoa wekundu. Yalimtuliza, kwa hivyo niliendelea kununua, chupa baada ya chupa, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na foleni ya hospitali ingemla siku nzima. Daktari aliiangalia ile chupa, akaniuliza nani alimwandikia. Akasema ina steroidi, na dawa ya aina hiyo, ikitumiwa muda mrefu, inaongeza hiyo presha. Mimi ndiye niliyekuwa namwinamisha kichwa na kumtilia, Mama. Kwa mkono wangu. Sijui nitaomba msamaha kwa nani, lakini naanza kwako.

Alhamisi, siku kumi sasa, nilichukua kinyago chake cha kukinga macho na rodi za kuchomelea. Jared alisema nitajiunguza. Nikamwambia basi anifundishe, kwa sababu kesho yake ni Ijumaa. Aliweka mkono begani mwangu, akawa anasikiliza. Alisema sauti ikiwa kama ya omena wakikaangwa kwenye mafuta, nisiache. Ikikohoa, basi nimeinua mkono mno. Nilifumua maungio yote ya sanduku nikayarudia. Mlango nilizungushia ukanda wa bamba ili ufunike ule mkato mbaya. Mikono yangu imejaa vidonda vya cheche, lakini Ijumaa saa tisa moshi ulitoka kwa bomba peke yake, mwembamba na mweupe.

Muigai alilizunguka jiko mara mbili. Kisha akamnyooshea Jared mkono wa shukrani. Jared alisimama tu, mikono kwenye aproni, akitabasamu upande ambako hapakuwa na mtu. Ule mkono wa Muigai ulibaki hewani. Aliniangalia mimi, akaangalia vidonda vyangu, akaushusha. Alipokuwa anafunga tangi kwenye pikapu aliniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini nisimruhusu tena kushika grinda.

Jared alisikia. Tangu siku hiyo hajakanyaga kibandani. Anakaa kitandani akitazama ukuta, na mtu akibisha mlangoni ananiambia niseme amesafiri. Chakula anakula nikimsihi. Nimeficha ile sumu ya panya kwa jirani. Sijui kama naogopa bure.

Sasa, Mama, sababu ya kuvunja kiapo. Daktari alisema ugonjwa huu unatembea katika familia. Aliuliza kuhusu baba yake, nikakumbuka mzee alivyokuwa akiongozwa kwa fimbo miaka yake ya mwisho, tukisema ni uzee. Ndugu zake wote wapimwe macho, hata wasiohisi kitu, kwa sababu ukigunduliwa mapema kuna dawa ya kuuzuia. Na ndugu yake Sifuna alituambia Desemba kwamba alikaribia kugonga ng'ombe na pikipiki, hakumwona akitokea pembeni. Tafadhali mpeleke wiki hii. Usingoje palizi.

Nilipofika hapa Jared aliniuliza kutoka kitandani naandika nini muda wote huu. Nilitaka kusema ni hesabu za chama chetu cha akiba. Nikamwambia ukweli, kwamba ni barua yako na kwamba nimekueleza yote. Alijigeuza ukutani, nikadhani analia. Kisha akaniambia niandike kwamba Sifuna aache pikipiki leo, si kesho, na kwamba wewe usije kwanza. Halafu akabadilisha, akasema uje.

Wasalimie wote nyumbani, na majirani wanaotuulizia. Watoto wanakubusu mikono.

Mimi mkaza mwana wako,
Wilkister